Kingamwili ya BCL11A: Jinsi Maabara Inavyoiona Protini Inayozima Himoglobini ya Kijusi

Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu huzaliwa akionekana mzima. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi, ambako vijiji vimetawanyika katika bonde la Mto Mbwemkuru, hali ni ile ile inayoshuhudiwa kwingineko nchini: mama hujifungua salama, mtoto hunyonya vizuri, uzito wake hupanda kwenye kadi ya kliniki, na kwa miezi kadhaa hakuna dalili yoyote ya kutia shaka. Kisha, mara nyingi baada ya mwezi wa sita, vidole vya mikono na miguu huvimba kwa maumivu makali, macho huwa ya manjano, damu hupungua, na homa hujirudia. Familia hujiuliza ni nini kilichoingia katika mwili wa mtoto aliyekuwa buheri wa afya. Wapo wanaodhani kuwa amerogwa.

Hakuna kilichoingia. Kuna kitu kilichozimwa. Mtoto anapozaliwa, sehemu kubwa ya himoglobini iliyomo katika damu yake ni ile aliyoitumia tumboni mwa mama, na himoglobini hiyo haina kasoro ya selimundu. Katika miezi ya kwanza ya maisha, mwili huacha kuitengeneza na kuanza kutengeneza himoglobini ya utu uzima, ambayo kwa mtoto huyu ndiyo yenye kasoro. Mhusika mkuu katika kuizima ile ya kwanza ni protini iitwayo BCL11A. Ili kujua kama protini hiyo ipo ndani ya seli, ipo kiasi gani na imeshika sehemu ipi ya vinasaba, wanasayansi hutegemea zana moja muhimu ya maabara, nayo ni kingamwili iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kuitambua.

Zana hiyo haimo katika kabati la zahanati yoyote, wala haipaswi kuwamo. Hata hivyo, matibabu mapya ya selimundu ambayo wananchi wamekuwa wakiyasikia katika vyombo vya habari yasingeweza kuthibitishwa bila zana ya aina hiyo.

Himoglobini mbili katika damu moja

Himoglobini ni protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu na kazi yake ni kubeba oksijeni. Himoglobini ya mtu mzima, inayoandikwa himoglobini A, imeundwa kwa minyororo minne: miwili ya alfa na miwili ya beta. Selimundu hutokana na badiliko la herufi moja tu katika jeni ya beta iliyopo kwenye kromosomu ya 11. Badiliko hilo husababisha kiungo cha sita cha mnyororo wa beta, ambacho kingekuwa asidi ya glutamiki, kuwa valini. Himoglobini inayopatikana huitwa himoglobini S. Oksijeni inapopungua, himoglobini S hushikamana na kujenga nyuzi ngumu zinazoipinda chembe ya damu mfano wa mundu. Chembe ya kawaida huishi takriban siku 120. Chembe yenye umbo la mundu huishi kati ya siku 10 na 20, na kabla ya kufa huweza kuziba mishipa midogo ya damu, jambo linalosababisha maumivu, kiharusi na uharibifu wa bandama.

Himoglobini ya kijusi, inayoandikwa himoglobini F, haina mnyororo wa beta. Badala yake ina minyororo ya gama. Kwa hiyo kasoro iliyomo katika beta haiigusi, na zaidi ya hapo, inapokuwapo ndani ya chembe moja na himoglobini S, huzuia zile nyuzi ngumu zisijengeke. Mtoto mchanga huwa na kati ya asilimia 60 na 80 ya himoglobini F. Mtu mzima kwa kawaida hubakiwa na chini ya asilimia 1. Mwaka 1948, daktari Janet Watson wa New York alibainisha kuwa chembe za damu za watoto wachanga wenye selimundu hupinda kwa nadra, na akahusisha jambo hilo na himoglobini ya kijusi. Baadaye ilionekana pia kuwa wagonjwa wa mashariki mwa Saudi Arabia, ambao hubaki na himoglobini F nyingi ukubwani, huugua kwa wepesi zaidi kuliko wenzao wa maeneo mengine. Jeni za gama hazipotei mtoto anapokua. Zimo palepale, jirani na jeni ya beta, zikiwa zimenyamazishwa.

Kwa Tanzania suala hili ni zito. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini kila mwaka, idadi inayoiweka nchi miongoni mwa zenye mzigo mkubwa zaidi duniani. Sababu yake ya kihistoria ni malaria. Mwaka 1954, mtafiti Anthony Allison, aliyefanya kazi zake Afrika Mashariki, alichapisha ushahidi kwamba mtu aliyerithi jeni moja tu ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo imeenea zaidi katika maeneo ambayo malaria imekaa kwa vizazi vingi, na mikoa ya kusini mwa Tanzania ni miongoni mwa maeneo hayo. Mtu wa aina hiyo haugui selimundu. Lakini wazazi wawili wenye hali hiyo wanapokutana, kila mimba huwa na uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mwenye ugonjwa.

Utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, ukiwafuatilia wagonjwa 1,725 walioandikishwa kati ya mwaka 2004 na 2009, ulionesha kuwa vifo vilikuwa vingi zaidi kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hao ndio ambao himoglobini ya kijusi imewatoka punde, na bandama yao imeanza kushindwa kazi ya kuwalinda dhidi ya vimelea.

Mnyamazishaji apatikana

Kila seli ya mwili ina nakala kamili ya jeni zote, lakini haizisomi zote. Zipo protini ambazo hushika vinasaba katika sehemu maalumu na kuamua jeni ipi isomwe na ipi inyamazishwe. Nyingine huwasha, nyingine huzima. BCL11A ni ya kundi la pili. Jeni inayoitengeneza ipo kwenye kromosomu ya 2, mbali kabisa na jeni za himoglobini zilizopo kwenye kromosomu ya 11, na kwa muda mrefu hakuna aliyeihusisha na damu nyekundu. Ilijulikana zaidi kwa wataalamu wa saratani ya chembe nyeupe.

Mwaka 2007, kundi la watafiti mjini London likiongozwa na Profesa Swee Lay Thein liliona kuwa watu wenye tofauti fulani katika jeni hiyo hubaki na himoglobini F nyingi kuliko wengine. Mwaka uliofuata, Vijay Sankaran, Stuart Orkin na wenzao wa Boston, Marekani, walithibitisha kuwa BCL11A ndiyo inayonyamazisha: walipoipunguza ndani ya seli zinazokua kuwa chembe nyekundu, himoglobini F ilirudi. Mwaka 2011 watafiti wa Boston waliiondoa katika seli za damu za panya wenye selimundu, na dalili za ugonjwa zikatoweka.

Mwaka huo huo wa 2011, matokeo ya Tanzania yalichapishwa. Profesa Julie Makani wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) na wenzake walichunguza maeneo matatu ya vinasaba, likiwamo la BCL11A, kwa wagonjwa wa Tanzania na kundi dogo la wagonjwa wa Uingereza wenye asili ya Afrika. Maeneo yote matatu yalionesha kuathiri kiwango cha himoglobini F. Hadi wakati huo, uchunguzi wa aina hiyo kwa wagonjwa wa selimundu ulikuwa umefanyika kwa Waafrika waishio ughaibuni tu, na watafiti waligundua kuwa baadhi ya alama za vinasaba zilizobuniwa kutokana na damu ya Wazungu hazikutosha kufuatilia tofauti zilizomo katika damu ya wagonjwa wa Kiafrika. Huo ni mchango usiopaswa kupitwa haraka. Tiba inayotegemea jeni ikibuniwa bila kuwachunguza watu wa nchi zenye wagonjwa wengi, inaweza kuwaacha nje wale wale wanaoihitaji.

Kipimo cha malaria kama mlango wa kuelewa

Mwananchi wa Nachingwea au Ruangwa aliyewahi kutobolewa kidole kwa ajili ya kipimo cha haraka cha malaria tayari ameshuhudia kingamwili ikifanya kazi. Ndani ya ule utepe mweupe, pale unapojitokeza mstari wa majibu, zimepakwa kingamwili zinazotambua protini moja ya kimelea cha malaria. Damu inaposafiri juu ya utepe, protini hiyo ikiwapo hunaswa, na mstari huonekana. Mstari wa pili, wa kudhibiti, huthibitisha tu kwamba kipimo chenyewe ni kizima.

Kingamwili ni protini ambazo mwili wa binadamu au mnyama huzitengeneza ili kuwatambua wageni. Kila moja hushika umbo moja, mithili ya kitasa na ufunguo wake. Watafiti huitumia tabia hiyo kwa makusudi: humchoma panya au sungura kipande cha protini wanachotaka kukitambua, na mwili wa mnyama hutengeneza kingamwili dhidi yake. Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein, wakifanya kazi Cambridge nchini Uingereza, walibuni njia ya kuunganisha seli inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyokoma kugawanyika, na hivyo kupata kingamwili ya aina moja kwa kiasi chochote kinachohitajika. Walitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1984. Vipimo vingi vya haraka vinavyotumika vituoni leo ni matunda ya kazi hiyo.

Kingamwili ya BCL11A hutengenezwa kwa misingi hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba kinachotafutwa hakielei katika damu. Kimo ndani ya kiini cha seli, na seli zenyewe ni zile changa zilizomo katika uloto, ambamo damu hutengenezwa. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini tena, hivyo tone la damu ya kidole haliwezi kutoa jibu. (Ajabu moja ya kazi hii ni kwamba BCL11A huhitajika pia katika ukuaji wa zile chembe nyeupe ambazo ndizo hutengeneza kingamwili. Bila BCL11A, panya asingeweza kuitengeneza kingamwili ya BCL11A.)

Njia za kuitumia ni kadhaa. Ya kwanza ni kuzivunja seli, kuzitenganisha protini zake kwa ukubwa kwa kutumia umeme juu ya ute mgumu mfano wa jeli, kuzihamishia kwenye utando mwembamba, kisha kuumwagia utando huo kingamwili. Mahali ilipo BCL11A hujitokeza ukanda mweusi, na unene wa ukanda hueleza wingi wake. Njia ya pili ni kuipa kingamwili rangi inayong'aa na kuzitazama seli moja moja kwa darubini au kwa mashine inayozihesabu zikipita mbele ya mwanga. Njia ya tatu haiulizi kama protini ipo, bali imeshika wapi, na ndiyo iliyotatua kitendawili kilichodumu kwa takriban miaka 10.

Baada ya ugunduzi wa mwaka 2008, ilitarajiwa kwamba BCL11A ingekutwa imekaa juu ya jeni za gama inazozizima. Watafiti waliigandisha protini kwenye vinasaba kwa dawa, wakakatakata vinasaba na kuivua protini kwa kingamwili pamoja na kipande ilichokishika. Waliikuta katika sehemu nyingine za eneo hilo, lakini si pale mlangoni mwa jeni za gama. Wengi wakaamini kwamba hufanya kazi kwa mbali. Mwaka 2018, maabara ya Orkin ilitumia njia mpya zaidi, ambayo kingamwili huingizwa ndani ya seli zisizogandishwa, ikashika protini na kukivuta kimeng'enya kinachokata vinasaba pembezoni mwake tu. Safari hii jibu lilikuwa wazi: BCL11A hushika herufi TGACCA zilizopo mlangoni kabisa mwa jeni ya gama. Watafiti wa Sydney, Australia, walifikia jibu hilo hilo mwaka huo huo kwa kuwatazama watu wachache wanaozaliwa na badiliko katika sehemu hiyo, ambao huendelea kutengeneza himoglobini ya kijusi maisha yao yote bila kudhurika. Protini ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni jinsi kingamwili ilivyotumiwa.

Ujumbe upo, protini haipo

Swali linaloweza kuulizwa ni kwa nini kuhangaika na kingamwili ilhali kuna vipimo vya kusoma jeni moja kwa moja. Jibu lilipatikana mwaka 2020.

Ili jeni itoe protini, kwanza hunakiliwa kuwa ujumbe, kisha ujumbe huo husomwa na protini hujengwa. Kupima wingi wa ujumbe ni rahisi, na maabara nyingi huishia hapo kwa kudhani kuwa penye ujumbe pana protini. Watafiti walipolinganisha seli za watoto wachanga na za watu wazima, walikuta ujumbe wa BCL11A katika zote mbili, kwa viwango visivyotofautiana sana. Kwa kipimo hicho pekee, mtu angehitimisha kuwa BCL11A haihusiki na badiliko la himoglobini baada ya kuzaliwa. Lakini kingamwili ilionesha picha nyingine: katika seli za watu wazima protini ilikuwa tele, na katika seli za watoto wachanga ilikuwa haba. Ilibainika kuwa protini nyingine, LIN28B, iliyomo katika seli za wachanga, huukamata ujumbe huo na kuuzuia usisomwe. Mtoto anapokua LIN28B hupungua, BCL11A hujengwa, himoglobini F huzimwa, na mwenye selimundu huanza kuugua. Hiyo ndiyo miezi michache ya salama ambayo mama hushindwa kuielewa.

Hata hivyo, kingamwili si shahidi asiyekosea. BCL11A hutokea kwa maumbo kadhaa, marefu na mafupi, yanayochangia sehemu ya mwanzo. Kingamwili iliyotengenezwa dhidi ya sehemu hiyo ya mwanzo huyaona yote. Iliyotengenezwa dhidi ya sehemu ya mwisho huliona umbo refu tu, lenye uwezo wa kushika vinasaba. Watafiti wawili wakitumia kingamwili mbili tofauti wanaweza kutoa majibu mawili tofauti kuhusu seli zile zile, na wote wakawa wakweli. Tatizo kubwa zaidi ni kingamwili inayoshika protini isiyohusika kwa sababu tu inafanana na inayotafutwa. Jambo hili limezisumbua maabara nyingi duniani, na fedha nyingi za utafiti zimepotea kwa kuamini ukanda mweusi usio wa kweli.

Kwa sababu hiyo, maabara makini huijaribu kingamwili kwanza kwa seli ambazo jeni ya BCL11A imeondolewa kabisa. Ukanda ukiendelea kuonekana hata hapo, kingamwili hiyo haifai. Hujaribiwa pia kwa seli zinazojulikana kuwa na protini hiyo kwa wingi, na kila toleo jipya kutoka kiwandani hulinganishwa na lililotangulia. Kipimo cha malaria kina funzo linalofanana na hilo: katika nchi za Pembe ya Afrika, zikiwamo Eritrea, Ethiopia na Djibouti, wamepatikana vimelea vilivyopoteza ile protini inayotafutwa na utepe, hivyo mgonjwa huonekana hana malaria ilhali anayo. Mstari usipoonekana, maana yake ni kwamba kingamwili haikushika kitu. Kama kitu hakipo, hilo ni swali la pili.

Kutoka maabara hadi kwa mgonjwa

BCL11A haiwezi kuondolewa mwilini kiholela, kwa kuwa huhitajika katika ubongo, katika chembe nyeupe na katika seli mama za uloto. Mwaka 2013 ilibainika kuwa jeni yake ina sehemu ya ndani inayoiamuru ifanye kazi katika seli za damu nyekundu peke yake. Sehemu hiyo ikikatwa, BCL11A hupungua katika damu nyekundu na kubaki salama kwingineko. Uthibitisho wa jambo hilo ni kazi ya kingamwili: ukanda hufifia katika seli zinazoelekea kuwa chembe nyekundu, na hubaki mzito katika chembe nyeupe.

Tiba iitwayo Casgevy imejengwa juu ya msingi huo. Seli mama za mgonjwa hutolewa, hukatwa sehemu hiyo kwa teknolojia ya kuhariri jeni ya CRISPR, kisha hurudishwa mwilini baada ya mgonjwa kupewa dawa kali ya kusafisha uloto. Uingereza iliidhinisha tiba hiyo tarehe 16 Novemba 2023 na Marekani tarehe 8 Desemba 2023, kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 12. Bei yake nchini Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, bila kuhesabu gharama za kulazwa. Kwa bei hiyo, na kwa mahitaji yake ya hospitali, bado ni tiba ya mbali kwa familia ya mkulima wa korosho au ufuta wa Ruangwa, na hakuna faida ya kumweleza vinginevyo.

Zipo njia zilizo karibu zaidi. Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, huduma inayohitaji ndugu mwenye uloto unaolingana na wa mgonjwa. Dawa ya haidroksiyurea, ambayo ni vidonge vya kumeza kila siku, huongeza himoglobini F ile ile ambayo BCL11A huizima. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda, Angola na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa watoto 606, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2019, ulionesha kuwa dawa hiyo hupunguza maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo. Watoto hao waliishi katika mazingira yanayofanana na ya bonde la Mbwemkuru kuliko yale ya Boston. Mgonjwa anayeitumia anapaswa kuwa chini ya uangalizi wa daktari na kupimwa damu mara kwa mara, na dawa hiyo haitakiwi kununuliwa na kutumiwa kwa kukisia.

Kabla ya dawa yoyote, mtoto lazima agunduliwe. Hapa kingamwili zinarudi kwa sura nyingine. Vipo vipimo vya haraka vya selimundu vinavyofanana na cha malaria kwa umbo, ambavyo hutumia kingamwili zinazotofautisha himoglobini A na himoglobini S kwa tone la damu, na watafiti jijini Mwanza wamewahi kuvijaribu. Vipimo hivyo vinatambua himoglobini yenyewe, havitambui BCL11A. Kingamwili ya BCL11A huuzwa kwa matumizi ya utafiti tu, na hakuna hospitali inayoihitaji ili kumtambua au kumtibu mgonjwa wa selimundu. Mtu yeyote anayemtoza mwananchi fedha kwa kipimo cha "jeni ya BCL11A" au kwa dawa ya mitishamba inayodaiwa kuizima protini hiyo hana msingi wa kitaalamu.

Mzazi mwenye mtoto aliyevimba vidole, mwenye macho ya manjano au anayepungukiwa damu mara kwa mara anashauriwa kumfikisha katika kituo cha afya au hospitali ya wilaya iliyo karibu na kuomba apimwe selimundu, hata kama kipimo cha malaria kimeonesha mistari miwili, kwa kuwa magonjwa hayo huweza kumpata mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Mtoto anayethibitika huanzishiwa penisilini ya kinga hadi umri wa miaka mitano, hupewa foliki asidi, hukamilishiwa chanjo zikiwamo za nimonia, hulala ndani ya chandarua chenye dawa, na hupewa rufaa kadiri hali yake inavyohitaji, ikiwamo kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini mkoani Mtwara. Homa kwa mtoto mwenye selimundu huhesabiwa kuwa dharura, na haisubiri asubuhi.